Nimesimama Tangu Koboko

Mimi nimezaliwa Arua, nimekulia Arua, na Mungu akipenda nitazikwa nyuma ya nyumba hii hii ili nisisumbuke kusafiri hata siku hiyo. Nakwambia mapema ujue ni mtu wa aina gani anayekusimulia. Watu wanaokutana na mambo ya ajabu huwa ni watu wa kutembea: wameyaona njiani, wameyaona darajani, wameyaona kwenye makaburi walikopitia usiku wakitoka mahali wasipotaka kutuambia. Mimi sipiti popote. Ningetaka kukudanganya ningejiweka mahali pa heshima zaidi. Lakini yule mwanamke alinikuta kwangu, barazani, mchana, nimevaa shuka kiunoni na sindano nimeibana kwa meno. Nani anajitungia aibu kama hiyo?

Kazi yangu ni kushona viti vya magari. Cherehani iko barazani, sponji iko sebuleni, na mimi niko katikati. Madereva wa malori yanayotoka Vurra, mpakani na Kongo, huniletea viti vilivyochanika, watu wa bodaboda huniletea vyao, nami navivua, navijaza, navivalisha upya. Nilisoma mpaka sekondari nikaachia hapo, si kwa kukosa akili, bali shule iliyofuata ilikuwa mbali. Dada yangu Zaitun husema mimi ni kama jiko la udongo, ukinihamisha navunjika.

Zaitun mwenyewe ameolewa Koboko na Ramadhani, ambaye sisi sote tunamwita Rama, muuzaji wa vipuri vya malori, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi. Binti yao wa kwanza, Hawa, alikuwa anaolewa na kijana wa hapa hapa Arua. Arusi imekaribia, hina imeshasagwa, ndipo Rama akanipigia simu.

"Shemeji, nimenunua gari."

"Lori?"

"Lori! Wewe kila kitu kwako iko lori. Gari, shemeji. Ya Italia. Ile ya kulala chini, ukipita mbuzi anakuangalia kutoka juu."

Alilitoa Kongo, ng'ambo ya Vurra, ndani ya ghala la mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliyekwisha kufa. Mwanawe ndiye aliyeliuza. Na kama ungemsikia Rama akilisimulia lile gari, ungedhani anasoma nasaba ya mtume. Kwanza lilikuwa la mwana wa kifalme huko Italia, akilikimbiza mashindanoni. Kisha likawa la mwigizaji wa sinema, akipigwa picha amelala juu ya boneti kama chui. Kisha tajiri wa kahawa akalinunua, likavuka bahari na misitu, kwa sababu mke wake, mwimbaji wa mahoteli makubwa, mwanamke ambaye mji ulikuwa unasimama akipita, alikuwa amelitaka. Na sasa limefika kwa shemeji Rama, muuza vipuri, Koboko. Hakika kila kitu kina mwisho wake.

"Kuna mzungu Nairobi anakusanya magari ya namna hii," Rama alisema. "Amelia kwa simu kama mutoto. Nikamwambia, ngoja kwanza. Hii gari itampeleka Hawa kwa bwana yake. Mimi naendesha, yeye anakaa pembeni. Koboko mpaka Arua. Watu waone."

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na sikumcheka. Mtu ameuza fani-belti maisha yake yote, anataka siku moja binti yake atolewe nyumbani kama mke wa mfalme. Je, wewe usingetaka?

Aliniambia nipande gari nije Koboko nivitazame viti. Nikamwambia mgongo unaniuma. Mgongo wangu huniuma kila nikitajiwa safari. Basi akavifungua vyote viwili, maana gari lile halina zaidi ya viti viwili, akanitumia kwenye lori la vitunguu, na maagizo kwa simu.

"Ya dereva vua yote, vaa mupya. Ya abiria usiguse. Hata uzi. Pangusa vumbi tu."

"Kwa nini?"

"Mwenye kuniuzia alisema hivyo. Wakongo na mambo yao. Wewe pangusa."

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Viti vilifika vimekaa juu ya vitunguu kama mabwana wawili. Ngozi nyekundu ya rangi ya ini, nyembamba, laini, imeshonwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa na subira kuliko mimi. Kipi cha dereva? Mimi fundi, nitashindwa na hilo? Mkono wa kulaza kiti hukaa upande wa mlango. Kiti chenye mkono wake kulia ni kiti cha kulia. Na dereva anakaa wapi? Anakaa kulia. Maisha yangu yote dereva amekaa kulia. Nikakiweka cha kushoto kando, nikakipangusa vumbi kwa adabu, nikakifunika. Kile cha kulia nikakigeuza, nikaanza kukata uzi.

Kiti, ukikivua, kinamsema mwenyewe. Mwenye nyonga mbovu namjua, mwenye kuweka pochi mfuko wa nyuma namjua, anayelala kwenye foleni namjua. Kiti kile kilikuwa na shimo dogo la ukaaji, halikukaa katikati bali kando, kuelekea mlangoni, la mtu mwembamba aliyezoea kukaa ameikunja miguu upande mmoja. Nikacheka peke yangu. Dereva gani huyu anaendesha gari amekaa kama mtu anayesubiri kuletewa chai? Lakini nikaendelea. Ngozi nikaitoa vipande vipande, nikailaza juu ya ngozi mpya niikate kwa mfano wake. Ujazo wa ndani, nywele za farasi zilizofungamana kama kiota, nikampa jirani yangu Mama Sauda atie kwenye mto.

Ilikuwa siku hiyo hiyo, baada ya adhuhuri, mvua ya mawe ikaja.

Unazijua mvua zetu. Mbingu inafumba, mchana unakuwa kama magharibi, na mabati yanapiga kelele hata huwezi kusikia mawazo yako. Mtaa wote ulikimbilia ndani. Mimi nilibaki barazani kwa sababu cherehani ni nzito na mimi ni mvivu. Katikati ya kelele zile nikasikia ngurumo nyingine chini yake, ya kufululiza, kama paka mkubwa anayekoroma. Gari likaja polepole, jekundu, chini kabisa, limebana ua wangu. Lilikuwa linatembea upande usio wake wa barabara, nikadhani linakwepa dimbwi. Likasimama. Dirisha la kulia likawa linanitazama, na ndani yake mwanamke, kitambaa cha hariri kichwani, miwani myeusi.

Mawazo yangu ya kwanza? Nitakwambia kweli. Niliwaza: wanawake wa siku hizi wanaendesha magari mazuri kuliko wanaume. Mawazo ya pili: mteja. Nikatoa sindano mdomoni, nikapaza sauti, "Karibu, mama! Karibu ndani, utalowa!"

Akaja. Mlango niliuona ukifunguka, lakini injini haikuzimwa, iliendelea kukoroma kule nje. Alipanda barazani na nguo yake ya kijani haikuwa na tone. Hata hilo sikulitilia maanani, maana kilichonishika macho ni namna alivyosimama. Alikuwa ameinama. Magoti yamekunjika kidogo, shingo imelala, kichwa kimeshuka kifuani. Paa la baraza yangu ni refu, nililiinua mwenyewe ili hewa ipite. Lakini yeye alisimama kama mtu ambaye paa linamkalia kisogoni.

"Baba," alisema, Kiswahili cha ng'ambo, chepesi, cha kuimba. "Kiti yangu iko wapi?"

"Kiti gani, mama?"

"Nimesimama tangu Koboko."

Nikamwonea huruma! Ndiyo, niamini, huruma ndiyo iliyonijia kwanza. Nikavuta kiti cha plastiki, nikakipangusa kwa shuka, nikamsogezea. "Kaa hapa, mama, upumzike."

Alikitazama kile kiti. "Hii iko ya watu wazima," alisema.

Mimi nikacheka. "Na wewe si mtoto, mama."

Hakucheka. Na hapo neno lile likageuka kichwani mwangu, maana mzima si mtu mkubwa peke yake. Mzima pia ni yule anayepumua. Nikaitazama ile nguo ya kijani kifuani, nikaitazama tena. Haikupanda. Haikushuka.

Ungefanyaje? Kimbia, utasema. Wewe ndiye mtu wa kukimbia. Mimi miguu yangu ilikuwa imekwisha kurudi ndani kitambo na kuniacha mimi pale.

Akainama zaidi, akaviona vipande vya ngozi sakafuni, vyeupe kwa chaki yangu. Akavigusa kwa kidole kimoja chenye pete, taratibu, kama mtu anayegusa uso wa mtoto mgonjwa.

"Mutoto mwenye ataolewa," alisema mwishoni. "Atakaa wapi?"

"Rudisha yangu vile ilikuwa, baba. Mimi nikae. Kama hapana, bi arusi atanipakata."

Neno hilo, kupakata. Tunalitumia kwa mtoto mchanga, kwa paka. Sijawahi kulisikia likiwa zito namna ile. Nikamwona Hawa wetu na shela lake na hina mikononi, na kitu hiki kilichojikunja kimemkalia magotini kutoka Koboko mpaka Arua. Nikainamisha macho. Nilipoyainua, uso ulikuwa umekwisha rudi dirishani, palepale ulipokuwa, na gari likaondoka kama lilivyokuja, limebana ua, polepole, mpaka ngurumo yake ikamezwa na mabati.

Mvua ilipokatika nilichungulia njiani. Mawe yalikuwa yamelala meupe barabara nzima, mazima, hakuna hata moja lililopondwa, hata pale gari lilipokuwa limesimama.

Nikampigia Rama. Sauti yangu nadhani ilikuwa ya mbuzi.

"Shemeji, gari iko wapi?"

"Gari iko ghalani, itakuwa wapi? Magurudumu tumetoa, imekaa juu ya matofali. Kwa nini?"

"Kuna mwanamke amekuja nalo hapa. Amekuja analiendesha."

Rama alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Akawaita watu wa dukani. "Shemeji yangu ameona mwanamuke! Jamani, amepona!" Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia alikokuwa amekaa yule mwanamke, dirisha la kulia, na kitambaa, na miwani.

Kicheko kilikatika kama mtu amefunga bomba.

"Kulia?"

"Kulia. Kwenye usukani."

"Shemeji," alisema polepole, "usukani wa ile gari iko kushoto. Iko gari ya Italia. Ya Kongo. Dereva anakaa kushoto."

Nikakitazama kile kiti nilichokivua. Nikakitazama kile nilichokifunika kwa adabu. Mwanamke yule hakuwa dereva. Alikuwa abiria. Basi nani alikuwa anaendesha? Sijui. Naapa sijui. Sikutazama kushoto. Nani katika nchi hii hutazama kushoto kumtafuta dereva?

"Umeshona ipi?" Rama aliuliza. Nikamwambia, ile ya kulia. Ndipo akanieleza lile ambalo muuzaji alikuwa amemweleza, naye akaona si la kumwambia fundi. Yule tajiri wa kahawa, gari lilipofika, alimchukua mke wake aje amtembeze upande huu. Walivuka Vurra wanaimba. Kongo unashika mkono wa kulia, Uganda unashika wa kushoto, na kila anayevuka pale hubadilisha. Yeye kwa furaha akasahau. Akaendelea na mkono wa Kongo, kwenye kona akakutana na lori. Yeye alipona. Mke alikufa amekaa, miguu ameikunja upande mmoja. Mume akalitengeneza gari lote mpaka likawa jipya, isipokuwa kiti kile, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukikalia tena.

Gari lile, unaona, limekuwa na wenyewe wengi. Abiria ni mmoja.

Nilianza kukirudisha kiti siku ile ile. Kwanza nilikwenda kwa Mama Sauda kudai mto.

"Mwanamume mzima anagonga mlango wangu anataka mto," alisema, mikono kiunoni. "Unalala na nani siku hizi?" Lakini alinirudishia upesi kuliko nilivyotegemea. "Chukua. Nimeulalia kidogo tu wakati wa mvua, nimeota niko ndani ya gari, na mtu ananiambia nisogee."

Nikazirudisha nywele za farasi. Ngozi ya zamani nikaiunga kipande kwa kipande kwa mkono, sindano ikipita kwenye matundu yale yale ya uzi wa kwanza, maana sikuthubutu kutoboa jipya. Lakini lile shimo la kando sikuweza kulitengeneza. Fundi anaweza kujaza, hawezi kuweka ukaaji wa mtu. Nilikiacha kiti kimetuna, nikaingia kuswali. Niliporudi shimo lilikuwepo, dogo, kuelekea mlangoni. Ngozi pale ilikuwa baridi.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo linasimuliwa katika ukoo wetu kuliko hata arusi yenyewe: nilisafiri. Nilipanda lori na viti vyangu, nikaenda Koboko. Zaitun aliponiona nikishuka uani kwake aliangusha sufuria.

"Kuna msiba?"

"Hawa asikae kwenye lile gari," nikasema.

Usidhani walinisikiliza. Nyumba ilikuwa imejaa mashangazi, harufu ya udi, watoto, mbuzi. Zaitun alisema nimekaa sana na gundi ya sponji. Rama alisema watu wote wameshaambiwa, mji umeshajipanga, akipita na pikapu watu watasema nini? Hawa mwenyewe alikuwa amekaa mkekani, mikono amening'iniza hina ikauke, anatusikiliza. Huyu Hawa si msichana wa kuinamisha macho. Yeye ndiye anayeendesha pikapu ya baba yake kwenda kuchukua mizigo Kongo, anavuka Vurra kila mara, mkono huu na mkono ule anaujua kama kulia na kushoto kwa mwili wake.

"Mjomba," alisema, "amesema anataka kiti chake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi akae. Kingine kipo. Nitaendesha mimi."

Mashangazi walipiga yowe. "Bi arusi ashike usukani? Kama dereva wa lori? Na shela?" Rama akawaka, akasema gari ni lake, dereva ni yeye, na vitisho vya shemeji yake wa barazani havimbabaishi. Akavichukua viti kwa hasira, akaenda ghalani na mafundi wake kuvifunga. Mafundi wakatoka. Yeye akabaki ndani.

Alirudi jua likizama. Wali ulikuwa umepakuliwa, sote tumeketi. Rama alichukua sahani yake, akala amesimama. Zaitun akamwambia keti, bwana. Hakuketi. Alipomaliza alinawa, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye mkeka mbele ya binti yake. "Endesha wewe," alisema. Mpaka leo hajasema alikaa kwenye kiti kipi kule ghalani, na mimi sijamuuliza.

Siku ya arusi Hawa aliketi kushoto, shela limefungwa nyuma, hina mpaka viwiko, akawasha. Sisi tulifuata na pikapu: Rama anaendesha, Zaitun katikati, mimi mlangoni nimeshika kila kitu kinachoshikika. Lile gari lilikuwa zuri, siwezi kukudanganya. Jua liliteleza juu yake kama mafuta. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Nilikiona kupitia kioo cha nyuma cha gari lile, kitupu kabisa, isipokuwa kwamba Hawa kila mara alikuwa anageuza kichwa kidogo upande ule, kama mtu anayesemeshwa.

Kabla ya kufika Manibe tulilikuta lori la magunia, refu, linatambaa. Sasa mtu anayekaa kushoto, kwenye barabara zetu, haoni mbele ya lori. Lazima ajitoe mwili mzima aingie njia ya watu ndipo aone. Madereva wenye magari ya Kongo wanamtegemea aliyekaa kulia achungulie, amwambie pita au ngoja. Tuliona taa ya Hawa ikiwaka. Gari likaanza kujitoa. Zaitun akanishika paja kwa kucha zake zote. Rama akapiga honi, akapaza sauti ya kumpasua mtu kifua, "Hawa, rudi!"

Gari jekundu likarudi nyuma ya lori, kwa utulivu, kama limevutwa kwa uzi. Na palepale lori la mafuta likatupita kwa kasi kutoka mbele, hata pikapu ikayumba. Machozi yalikuwa yanamtoka Rama huku anaendesha. Tukangoja. Kisha, bila taa, bila kuchungulia, gari jekundu likatoka moja kwa moja, likalipita lori, na njia ilikuwa nyeupe mpaka kilimani.

Tulipoingia Arua watu walikuwa wamejaa pande zote, vigelegele, simu juu. Na wote walifanya kile nilichokifanya mimi: walimtafuta dereva kulia. Nilimsikia kwa masikio yangu mama mmoja akimwambia mwenzake, "Bi arusi anaendesha mwenyewe, mashallah! Na miwani nyeusi amevaa!" Mwenzake akasema, "Lakini kwa nini amevaa kijani?"

Hawa hakuwa na miwani. Hawa alivaa nyeupe.

Jioni, wakati wanamfungulia mikufu, nilipata nafasi ya kumkaribia. "Pale kwenye lori," nikamwambia. Akatabasamu. "Aliniambia, 'Ngoja, mama.' Nikangoja. Akaniambia pita, nikapita. Anaona vizuri sana, mjomba."

Basi binti yetu aliokoka, arusi ikapita, na ningependa kukuambia kwamba gari liliuzwa Nairobi na sisi tukarudi kwenye vitunguu vyetu. Yule mkusanyaji alikuja kweli. Hawa alimkatalia. Rama hakudai ufunguo. Mume wa Hawa, kijana mpole, alimwomba mara moja wapande pamoja, akaambiwa hakuna nafasi. Alidhani ni utani, maana aliona kiti kitupu. Siku hizi haombi. Kila Ijumaa mchana mke wake anatoka peke yake, barabara ya Vurra, anakwenda mpaka karibu na mpaka, anageuza. Kila safari anageuza mbele kidogo kuliko ile iliyopita. Zaitun anasema ni hewa tu anapunga. Kiswahili cha Hawa nacho kimebadilika, kimekuwa chepesi, cha kuimba. Juzi alikuja kunisalimu, akaniita baba. Tangu aanze kusema ameniita mjomba.

Mimi siogopi mizimu inayotisha watu. Mtu akitishwa hukimbia. Ninachoogopa ni huyu anayesaidia. Maana mwenye kukuambia ngoja, ukamwamini, siku moja atakuambia pita.

Wiki iliyopita nilimwona Hawa kutoka hapa barazani. Mbele yake kulikuwa na basi, nyuma ya basi hakuna mtu anayeweza kuona kitu. Alipunguza mwendo, akainamisha kichwa kulia, akasikiliza. Macho yake hayakuwa barabarani hata kidogo. Kisha akatoka, akapita.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama uko njia ya Koboko au ya Vurra, ukaona gari jekundu, la chini, linakuja mbele yako, usiseme huu ni mkono wangu, usipige honi, usibishane. Shuka kwenye majani, lipishe. Anayeliendesha haangalii. Anasubiri kuambiwa.